Risasi Ipite Wapi: Mwongozo wa Kulenga Nyati na Wanyama Wengine Wenye Roho Ngumu

Nyati wa kwanza niliyempiga alianguka palepale, kama gunia lililokatwa kamba. Tulikuwa wanne, katika miombo ya kusini mwa Rufiji, mwezi Agosti, nyasi zimeshaungua. Nikainua mikono juu kwa furaha. Mzee aliyekuwa akitufuatilia nyayo hakusogea, alisema tu, "Ongeza, mwanangu. Ongeza sasa hivi." Sikuongeza. Nilikuwa nageuka kupokea pongezi wakati nyati aliposimama, akajitikisa, akaingia kichakani.

Tulimpata kesho yake saa nne asubuhi, bado yu hai, akatumalizia risasi nyingine tatu. Tulipomchuna ndipo nilipoona kosa langu kwa macho: risasi ilikuwa imepita kwenye nundu, juu ya uti wa mgongo, ikavunja ncha za mifupa tu. Ilimpa kizunguzungu cha sekunde chache. Usiku mzima ule alilala na maumivu niliyompa mimi, na sisi tukalala macho tukijua kuwa asubuhi tutamfuata kwenye nyasi ndefu.

Mwongozo huu ni kwa mtu mwenye leseni, anayekwenda porini kihalali, na asiyetaka kumfanyia mnyama nilichomfanyia yule. Nimeufuata mpangilio wa siku yenyewe, kuanzia nyumbani hadi kwenye kuchuna.

Hatua ya kwanza: haki ya kuwa pale

Hapa nitapita haraka. Tanzania inaongozwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na mapori ya akiba pamoja na mapori tengefu yako chini ya TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Leseni yako itataja aina ya mnyama, idadi na eneo. Zaidi ya hapo ni ujangili, hata kama ni swala mmoja. Hufyatui ukiwa ndani ya gari, huwindi usiku, humpigi jike mwenye ndama, na twiga humgusi kabisa. Kwa wasomaji wa Kenya: kwenu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo haya yachukueni kama elimu ya mwili wa mnyama.

Jambo moja nalisisitiza kwa sababu linabadilisha namna ya kulenga: mnyama uliyemjeruhi akatoroka huhesabiwa kuwa umemuua. Ukishaona damu, yule ni wako, iwe umempata au hukumpata.

Hatua ya pili: nenda machinjioni kabla hujaenda porini

Vijana wengi huniuliza bunduki gani wanunue. Mimi huwauliza kama wamewahi kusimama machinjioni tangu ng'ombe anaingia mpaka anapasuliwa. Karibu wote hawajawahi.

Nyati ni wa ukoo mmoja na ng'ombe, na vilivyomo ndani vimepangwa kwa namna ileile. Nenda machinjio ya mjini kwako, omba ruhusa, simama ubavuni mwa ng'ombe angali mzima. Tazama mguu wa mbele. Fuata mstari wake kwa macho kutoka ukwatoni hadi kwenye kiwiko, kisha ndani ya kifua. Sasa subiri apasuliwe. Utaona mambo matatu yatakayokushangaza.

La kwanza, moyo uko chini sana. Haukai katikati ya kifua kama tunavyochora shuleni. Umelalia kidari, katikati ya miguu ya mbele, katika theluthi ya chini ya mwili. La pili, mapafu yako mbele kuliko unavyodhani. Sehemu yake nene iko nyuma ya bega, yamefunikwa na mfupa bapa wa bega na mfupa wa juu wa mguu. Ukirudi nyuma kiganja kimoja au viwili tu umeshatoka kwenye mapafu manene, na nyuma ya hapo kuna kiwambo (ule utando wa nyama unaotenga kifua na tumbo), ini na tumbo kubwa lililojaa majani. La tatu, uti wa mgongo hauendi sambamba na mgongo unaouona. Unapofika kwenye mabega unazama chini, na juu yake imesimama mifupa mirefu myembamba inayobeba nundu. Hiyo ndiyo mifupa niliyoivunja mimi mwaka ule nikadhani nimeua.

Kama huna machinjio karibu, mbuzi wa Idi anatosha. Kabla hajachinjwa chukua kipande cha mkaa, mchore mstari wima katikati ya mguu wa mbele, kisha mstari mwingine wa kulala kwenye theluthi ya chini ya kifua. Pale inapokutana weka alama. Akishachinjwa, kabla hajachunwa, choma kijiti chembamba hapo hapo, halafu fungua uone kimefika wapi. Watoto watakucheka. Wache wacheke, wewe tazama kijiti.

Hatua ya tatu: kwa nini wengine hawaanguki

Mnyama anaanguka kwa njia mbili. Ama umevunja ubongo au uti wa mgongo wa juu, na mwili unazimika mara moja. Ama umetoboa moyo, mishipa mikubwa au mapafu, na damu inaacha kufika kichwani. Njia hii ya pili huchukua muda. Hata moyo ukisambaratika kabisa, ubongo una hewa iliyobaki ya sekunde kumi na kitu. Nyati anaweza kukimbia zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Piga hesabu mwenyewe: mnyama ambaye tayari ni mfu anaweza kwenda mita mia moja na zaidi kabla mwili haujapata habari. Ndiyo maana kukimbia kwake hakukuambii kuwa umekosa, na kuanguka kwake hakukuambii kuwa umepata.

Halafu kuna tofauti ya mnyama na mnyama. Nyati dume ana kilo 500 hadi 900, ngozi nene shingoni na mabegani, na mbavu pana zilizokaribiana. Risasi nyepesi iliyoundwa kwa ajili ya swala hupasukia hapo nje. Lakini si mifupa tu. Nyati aliyepigwa kabla hajashtuka mara nyingi huenda hatua chache akalala. Nyati yuleyule akishakuona, akishavimba, unaweza kumpiga risasi ya pili na ya tatu mahali pazuri na akaendelea kuja. Kwa hiyo risasi ya kwanza ndiyo yenye thamani, nyingine zote ni za kulipia makosa yake.

Wa pili kwa roho ngumu, kwa uzito wake, mimi nampa nyumbu. Mtu humwona na ndevu zake na mkimbio wake wa kichekesho akamdharau. Nyumbu ana mabega yaliyoinuka na manyoya ya shingoni yanayofanya kifua kionekane kiko juu kuliko kilivyo. Karibu kila nyumbu niliyemwona akipotea alipigwa juu mno. Kongoni ni hivyohivyo: mgongo wake unateremka kwenda nyuma, na jicho linafuata mteremko badala ya kufuata mguu.

Pundamilia amepewa ngozi nene na mafuta chini yake. Tundu la risasi hujizibia, na unaweza kufuata mita mia mbili bila kuona tone. Lakini amekuwekea alama mwenyewe: pale mistari ya mguu inapokutana na mistari ya ubavu, begani, kuna umbo la pembetatu. Lenga hapo katikati.

Pofu ni mkubwa, dume hufikia kilo 900 kama nyati, ila si mgumu kama nyati. Shida yake ni ile ngozi inayoning'inia shingoni hadi kifuani. Inakudanganya kuwa kifua kimeishia chini zaidi. Pima kutoka kwenye kiwiko cha mguu, usipime kutoka kwenye ngozi.

Pongo, kinyume chake, ni mdogo, na watu humwendea mikono mitupu akishaanguka. Dume aliyejeruhiwa huinuka na pembe zake fupi zilizonyooka, na zinaingia tumboni kama visu. Simba na chui wana ngozi nyembamba, wanahitaji risasi inayopanuka haraka. Kuhusu kuwafuata wakijeruhiwa sitaandika kitu, hiyo ni kazi ya mwindaji bingwa na si ya kujifunza kwa kusoma.

Hatua ya nne: bunduki inayotosha, na risasi inayofaa

Kwa nyati usishuke chini ya .375, yaani kipenyo cha risasi kwa inchi. Bunduki ya .375 H&H (Holland & Holland, waundaji wake) imekuwepo tangu 1912, na sababu ya kudumu kwake ni rahisi: risasi yake ya gramu 19.4, yenye upana wa milimita 9.5, huenda kama mita 770 kwa sekunde na kupenya mfupa wa bega bila kupoteza njia, na bado mtu wa kawaida anaweza kuvumilia teke lake begani. Linganisha na .30-06 iliyozoeleka kwa swala, risasi gramu 11.7. Inaua pofu vizuri ikiwekwa mahali pake. Kwa nyati ni kumtafutia matatizo yeye na wewe.

.458 ni nzito zaidi, risasi gramu 32 hivi. Ni nzuri mikononi mwa anayeizoea. Lakini nimeona watu wakifumba macho kabla ya kufyatua kwa kuogopa teke lake, na risasi nzito iliyokwenda tumboni ni mbaya kuliko .375 iliyokwenda moyoni. Ukubwa wa risasi hauzibi kosa la sentimita 30.

Kuna hadithi ambayo lazima utaisikia kambini, ya Mskoti aliyeitwa "Karamojo" Bell, aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne iliyopita na kuua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7. Ni kweli. Ila wanaoisimulia husahau nusu ya pili: Bell alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi ndani ya ule mfupa mkubwa wenye vijitundu kama sega la nyuki, na alitumia risasi ngumu isiyopanuka. Alifaulu kwa sababu alijua ndani ya kichwa kuna nini. Anayechukua bunduki ndogo kwa jina la Bell, bila msumeno wa Bell, hajamwelewa.

Kuhusu risasi yenyewe: ya ncha laini hupanuka ndani na kufungua kidonda kipana, ngumu hupita moja kwa moja. Kwa nyati aliyesimama peke yake, risasi ya kwanza iwe ya ncha laini, lakini ile nzito iliyotengenezwa imara isipasuke kwenye mfupa. Zinazofuata ziwe ngumu, kwa sababu kuanzia hapo anaweza kuwa anakupa mgongo au anakuja, na unahitaji kina. Ndani ya kundi, usitumie ngumu kabisa katika risasi ya kwanza. Inaweza kutoka upande wa pili ikamjeruhi mwingine ambaye hata hukumwona.

Hatua ya tano: sahani ya karatasi

Chukua sahani za karatasi za upana wa sentimita 15. Usitumie ubao wenye miduara, kwa maana porini hakuna mduara. Simamisha vijiti vitatu vilivyofungwa juu kwa mpira wa tairi, egemeza bunduki, simama wima kama utakavyosimama kwenye nyasi. Mita 50. Risasi tatu. Zote zikiwa ndani ya sahani, sogea mita 80, kisha mia. Pale zinapoanza kutoka nje ya sahani ndipo mwisho wako, na mwisho huo ni wako wewe, si wa bunduki. Mimi hadi leo sizidishi mita 80 kwa nyati, na ninapenda 50.

Halafu fanya zoezi ambalo wengi hulikwepa: risasi ya pili. Fyatua, na bila kushusha kitako begani, vuta na kusukuma kishikio cha chemba, lenga tena. Nyumbani fanya hivyo na bunduki tupu, umehakikisha mara mbili kuwa ni tupu, mara hamsini kila jioni, mpaka mkono ufanye wenyewe. Mzee aliponiambia "ongeza" mkono wangu haukuwa umefundishwa, ndiyo maana ulipanda juu kushangilia.

Dawa ya kushtuka ni rafiki. Akupakilie bunduki bila wewe kuona, mara nyingine aweke ganda tupu. Ukifyatua kwenye ganda tupu na mtutu ukaruka, umejishika mwenyewe.

Hatua ya sita: soma alivyosimama

Umeshamkaribia, upepo unakupiga usoni, umepima kwa kamfuko ka majivu. Sasa usimtazame nyati mzima. Mtazame mguu wa mbele.

Akiwa amekupa ubavu: panda na mstari wa katikati ya mguu wa mbele ulio upande wako, ingia kifuani, simama kwenye theluthi ya chini ya urefu wa kifua. Hapo kuna sehemu ya juu ya moyo na mishipa mikubwa. Ukikosea juu kidogo, ni mapafu. Ukikosea nyuma kidogo, ni mapafu. Ukikosea mbele kidogo, umevunja bega na hatakwenda mbali. Ni mahali pekee penye kusamehe pande tatu. Watu waliofundishwa na picha za paa wa Ulaya hulenga nyuma ya bega. Kwa wanyama wetu hapo ni nyuma mno, na ndiyo njia fupi ya kufika tumboni.

Akiwa mshazari, kichwa mbali nawe na makalio karibu: sahau ubavu unaouona. Fikiria mguu wa mbele wa upande wa pili, ule usiouona vizuri, na iambie risasi ifike hapo. Itabidi iingie nyuma zaidi, kupitia mbavu za mwisho. Kama pembe ni kali kiasi kwamba itabidi ipitie tumbo lote, usifyatue. Subiri. Nyati wanaokula husogea, na dakika tano za kusubiri ni nafuu kuliko saa tano za kufuata.

Akiwa mshazari kichwa kuja kwako: lenga mkunjo ambapo shingo inakutana na bega, chini, ili risasi ishuke hadi nyuma ya bega la upande wa pili.

Akikutazama ana kwa ana, kichwa juu: katikati ya kidari, chini ya koo, kati ya mabega. Nafasi ni nyembamba, na mara nyingi pua inaifunika. Wengi hufyatua hapa kwa hofu, kwa kuwa ameshawaona. Kama vijiti havijatulia, usijiunge nao.

Akikupa makalio tu, na hajajeruhiwa, huna mnyama. Rudi ukanywe maji.

Kuhusu kichwa, kwa risasi ya kwanza nasema hapana. Ubongo ni mdogo, kichwa hakitulii, na kwa dume mzima zile pembe zilizoungana kwenye paji la uso ni ngao halisi. Risasi iliyokwenda pembeni kwa sentimita tano huvunja taya, na mnyama mwenye taya iliyovunjika hufa kwa njaa siku nyingi baadaye, mahali usipopajua.

Kitu cha mwisho kabla ya kufyatua: tazama nyuma yake. Jike, ndama, mtu wa kurina asali. Waislamu wenzangu hutaja jina la Mwenyezi Mungu hapa, na mimi nimeona kuwa ile pumzi ya kusema Bismillahi ndiyo pumzi inayotuliza kidole.

Hatua ya saba: sekunde kumi za kwanza, dakika thelathini za baadaye

Fyatua, pakia, tazama. Akisimama bado na nafasi iko wazi, ongeza. Akianguka na unaona mwili, ongeza. Hapana aibu katika risasi ya pili, wala bei yake si kitu mbele ya usiku kama ule wangu.

Masikio pia yanafanya kazi. Risasi kwenye mfupa hulia kwa mlio mkavu, kama shoka kwenye mti mkavu. Tumboni hulia kwa mlio mzito, kama kofi kwenye gunia la mahindi. Na mwili unasema: aliyepigwa moyo au mapafu mara nyingi huruka au kuyumba mbele, kisha hukimbia kwa nguvu kichwa kikiwa chini. Aliyepigwa tumboni hujikunja mgongo, huenda taratibu. Aliyeanguka kama jiwe ndiye wa kutilia shaka kuliko wote. Ukiona simba kanyeshewa usidhani ni paka.

Weka alama. Kabla mguu wako haujasogea, chagua mti au kichuguu pale aliposimama, na kingine pale alipoishia machoni. Baada ya hapo kaa chini. Kwa nyati subiri nusu saa, isipokuwa giza liko karibu. Katika kimya hicho unaweza kusikia mlio mrefu wa huzuni, kama ng'ombe anayeita kutoka mbali. Huo ndio mlio wa nyati anayekata roho, na ukishausikia mara moja hutausahau. Usipousikia, usihesabu lolote.

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wanaowinda kwa mishale ya sumu, wanaijua subira hii kuliko sisi. Akishapiga, mtu hakimbii nyuma ya mnyama. Huacha sumu ifanye kazi, kisha hufuata nyayo kwa utulivu. Anayemfukuza mnyama aliyejeruhiwa anampa tu nguvu ya kwenda mbali.

Sasa soma damu. Nyekundu nyepesi yenye mapovu ni ya mapafu, hayuko mbali. Nyeusi nzito ni ya ini, mpe muda zaidi. Yenye vipande vya majani na harufu ya samadi ni ya tumbo, jiandae kwa safari ndefu. Matone mekundu yanayopungua kila hatua ni ya nyama tu. Angalia pia urefu ilipogusa nyasi, na kama iko pande zote mbili za njia, maana pande mbili ni matundu mawili.

Hatua ya nane: kumfuata

Anayesoma nyayo anatazama chini. Basi lazima wawepo wengine wanaotazama mbele, mmoja kila upande wake, bunduki tayari, na hakuna anayemtangulia. Usimwache mfuatilia nyayo akae peke yake mbele huku wewe unafuta jasho. Yule ana mke na watoto na hana bunduki.

Nenda polepole kiasi cha kuudhi. Hatua tano, simama, chungulia chini ya vichaka ukitafuta mguu, sikio, mstari mweusi wa mgongo. Nyati aliyejeruhiwa ana tabia ya kuzunguka na kurudi kulala kando ya njia yake mwenyewe, akitazama pale atakapotokea mtu. Ukiona nyayo zinaanza kupinda kwenda upande upepo unakoelekea, simama, zunguka mbali. Watazame ndege walao kupe. Wakiruka ghafla kutoka nyasi na kupiga kelele, chini yao kuna kitu cheusi na kinakutazama.

Akija, atakuja pua ikiwa juu, macho kwako, na kichwa hakishuki mpaka hatua za mwisho kabisa. Usikimbie, huwezi kumshinda. Piga goti kama unaweza. Pua ikiwa juu, lenga puani, risasi ipande kwenda ubongoni. Kichwa kikishuka, lenga katikati ya macho, chini ya pembe, si kwenye pembe. Haya nayaandika kwa mistari michache kwa sababu huchukua sekunde chache, na kila mara niliyoyashuhudia yalianza na risasi mbaya ya kwanza.

Hatua ya tisa: amelala, bado hajafa

Mwendee kutoka nyuma, upande wa mgongo, kamwe si upande wa miguu. Simama mita kumi, ongeza risasi moja kati ya mabega kutokea nyuma. Kisha gusa jicho kwa fimbo ndefu. Jicho la aliyekufa halipepesi na huwa limefunguka.

Hapa pana hatari inayotokana na jambo jema. Tunataka nyama iwe halali, kwa hiyo mtu huchomoa kisu na kukimbia achinje roho ingali ndani. Kwa swala sawa. Kwa nyati, nimeona kijana akirushwa na pembe akiwa ameshika kisu, akavunjika mbavu, kwa sababu ya kuwahi dakika moja. Kubalianeni kambini kabla hamjaondoka: hakuna kisu mpaka fimbo imegusa jicho.

Hatua ya kumi: chuna ukiwa na daftari

Jaza leseni kwanza, palepale. Kisha usiwaachie wengine kazi ya kuchuna ukaenda kulala kivulini. Ingiza kidole kwenye tundu, fuata njia ya risasi, ona imepita wapi na imeishia wapi. Ikiwa imebaki chini ya ngozi ya upande wa pili, itoe, ipime, iweke kwenye kopo. Andika alivyosimama, umbali, ulilenga wapi, risasi iliingia wapi, ilitoboa nini, na alikwenda hatua ngapi. Hesabu hatua kwa miguu yako, usikisie.

Ukurasa wa kwanza wa daftari langu ni wa yule wa Agosti: "Ubavu wa kushoto, hatua 60. Nililenga bega. Imeingia nundu. Alianguka, akaamka. Amekufa baada ya saa kumi na saba." Ukurasa wa pili ni wa mwaka uliofuata, pori lilelile, mzee yuleyule akiwa nyuma yangu: "Ubavu wa kulia, hatua 45. Nililenga mguu wa mbele, theluthi ya chini. Imepita juu ya moyo, mapafu yote mawili. Nimeongeza. Alikwenda hatua 38. Alilia mara moja."